Pikapu Iliyokataa Gia

Juzi fundi wa jirani alikuwa anashusha giaboksi ya gari la watu nje ya geti langu, na harufu ikaingia mpaka jikoni. Ile harufu ya klachi iliyoungua, kama ukwato wa ng'ombe uliotupwa motoni. Binti yangu akakimbilia kufunga dirisha. Mimi nikalifungua tena. Akaniuliza, "Mama, una nini?" Nikamjibu kwamba hiyo ni harufu ya siku nzuri kuliko zote za utoto wangu, akaniangalia kama anayemwangalia mtu aliyepigwa na jua.

Mimi jioni huandika-andika mambo yangu, kwa mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la saba, na hili sijawahi kuliandika. Kila nikitaka kuanza najiuliza kama nakumbuka sawasawa, au nakumbuka jinsi Mama alivyokuwa analisimulia. Mama hayupo tena wa kunisahihisha. Basi nitaandika ninavyolijua, na palipo na shaka nitasema pana shaka.

Tulikaa Kawajense. Baba alikuwa na pikapu ya buluu iliyopauka, bodi la nyuma la mbao, na hiyo ndiyo iliyotulisha. Ilibeba mpunga kutoka Mwamkulu na Kasansa, ikarudisha kule watu, sabuni na mafuta ya taa. Nyie mliokulia upande ule mnazijua barabara za enzi zile: masika yakishika, gari lenye akili linakaa nyumbani. Na Baba alikuwa na utaratibu wake wa kuilaza pikapu. Anaiegesha nyuma ya nyumba, anaweka mawe kwenye matairi, anatoa betri, halafu analeta kijiti kimoja cha mninga, urefu kama wa mkono wangu wa wakati ule, ncha zote mbili zimezungushiwa mpira mweusi wa tyubu. Anainama, anakiingiza mle chini kwenye miguu ya dereva. Hafanyi haraka. Akimaliza anafunga mlango taratibu kama anayeacha mtoto amelala, ndipo anafunika turubai.

Mimi nilijua kabisa ile ni dawa. Hakuna aliyeniambia. Kwa Babu, Mwamkulu, juu ya mlango wa ghala kulikuwa na kitu cheusi kimefungwafungwa, na kwa Babu mpunga haukuibwa. Kwetu pikapu haikuibwa. Nikaunganisha mwenyewe: kinga ya wezi. Ushahidi nilikuwa nao, mnataka nini zaidi?

Mwaka ninaousema, Baba aliugua mvua zilipokuwa ndiyo zinaanza. Tumbo lilimvimba, uso ukapungua. Ikaamuliwa apelekwe Tabora kwa treni. Asubuhi ya safari hakuweza hata kusimama wima, lakini alimwambia mdogo wake, Baba Mdogo Petro, amshike wazunguke nyuma ya nyumba. Mama amesimama na furushi kichwani.

"Baba Zera, treni haimsubiri mtu."

"Inasubiri. Bado hawajapiga honi."

Akakiweka kijiti chake. Alichukua muda mrefu, anahema. Nikaona vizuri kwamba hata akiwa katika hali ile anailinda pikapu yetu kwanza, na nikazidi kuiheshimu ile dawa.

Wakati Baba yuko Tabora, akina mama wa maombi walikuja kuiombea nyumba. Nataka niwe wa haki hapa, kwa sababu wengine wameniambia niwacheke na sipendi kuwacheka. Walikuwa wamefunga tangu asubuhi, walitembea kwenye tope, na mmoja wao alikuwa ametuachia debe la mahindi bila kujitaja. Waliomba chumba kwa chumba, wakatoka nje, wakafunua turubai ili waombee na chombo cha riziki. Mlango ulipofunguliwa, wakakiona. Kijiti, kimefungwa kitu cheusi, kimefichwa gizani, mahali ambapo baba mwenye nyumba anakanyaga. Wewe ungesema nini? Mama alishtuka kuliko wote. Hakuwahi kufungua mlango wa dereva maisha yake yote. Akakitoa kwa kanga ili asikiguse, kikachomwa uani, mpira ukatoa moshi mweusi, harufu mbaya na mlio wa kuchemka, na mmoja akasema, "Mnaona? Mnaona uchawi unavyopiga kelele?"

Mimi nililia. Walidhani nimeguswa na maombi.

Mvua zikaisha. Mpunga ukaiva, na watu wa Kasansa wakaanza kutuma salamu wakiulizia gari. Baba Mdogo Petro akaja na betri, akafunua turubai, akawasha. Injini iliitika vizuri, moshi mweupe kidogo, basi. Akakanyaga klachi, akavuta gia. *Krrrrrr!* Kuku wote wakakimbia. Akajaribu tena, gia namba moja, namba mbili, ya kurudi nyuma. Ni kelele ile ile, meno ya chuma yanasagana. Akizima injini, gia zinaingia zote bila shida. Akiwasha, zinakataa.

"Giaboksi imekufa, shemeji," akamwambia Mama.

"Imekufaje wakati imelala?"

"Hata mtu hufa amelala."

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Baba Mdogo alikuwa amepata habari kutoka Tabora kwamba matibabu ya Baba bado marefu, na dawa zinahitajika. Yeye mwenyewe alikuwa anauza hata mbuzi zake, hilo lazima niliseme. Akampata mtu wa Sumbawanga anayenunua magari mabovu, anayakata, anauza vipande. Mtu huyo angekuja Jumamosi na lori. Usiku ule, kupitia ukuta, nilimsikia Mama akisema kwa sauti ndogo, "Akirudi mzima aone nini hapa? Nafasi tupu? Mwanaume huyo hana shamba, Petro. Shamba lake ni lile." Baba Mdogo akajibu kwamba kwanza arudi. Na mimi mpaka leo siwezi kusema nani kati yao alikuwa amekosea.

Walikubaliana hivi: Mama amlete fundi. Kama pikapu itakuwa inatembea yenyewe kabla ya lori kufika, haiuzwi. Kama haitembei, inakatwa.

Fundi Mayunga alikuwa Msukuma, mtu mrefu, kiwanda chake kilikuwa karibu na reli. Familia yao ilishuka na ng'ombe kutoka kaskazini, na kaka zake walikuwa bado wanachunga, yeye peke yake ndiye aliyependa vyuma. Aliniita "mayu," yaani mama, ingawa nilikuwa darasa la tatu. Alikuja Ijumaa asubuhi na boksi la spana. Mama alikuwa anatwanga, Baba Mdogo hakuwepo, na fundi alihitaji mguu.

"Mayu, panda. Kanyaga ile ya kushoto mpaka chini. Nikisema achia, unaachia."

Nilishika usukani kwa mikono miwili, nikateleza mpaka ukingoni mwa kiti, nikakanyaga kwa miguu yote. Yeye amelala chini ya gari, namwona viatu tu.

"Kanyaga! ... Achia! ... Kanyaga! Wewe mayu, umekula leo?"

"Nimekula uji."

"Uji ndiyo maana. Kanyaga kama una ugali!"

Alitoka na vumbi kichwani, akatueleza mimi na Mama, na maelezo yake nimeyatunza kwa sababu yalikuwa ya kueleweka. Klachi, alisema, ni viganja viwili vilivyobanana, kimoja cha injini, kingine cha gia. Ukikanyaga, viganja vinaachana kidogo, gia inapita. Hapa ukikanyaga haviachani. Alianza kutafuta sababu kuanzia juu kushuka chini. Oili ya klachi kwenye kikopo ipo. Bomba halivuji. Alijaribu kutoa upepo kwenye mfumo, haukuwepo. Alipolala chini aliangalia kichuma kinachosukuma, na kila nilipokanyaga kilisukuma vizuri kabisa.

"Kwa hiyo mguu unafika," alisema. "Ugonjwa uko ndani. Presha inayovibana viganja imevunjika vidole, au pleti, kiganja chenyewe, imepasuka. Ni kushusha giaboksi, na vipuri mpaka Tabora."

"Itawezekana mpaka kesho?" Mama akauliza.

Fundi akaanza kufuta spana moja moja na kuzirudisha kwenye boksi.

Hapo ndipo nilipoongea. Sijui kwa nini sikuongea mapema. Labda nilidhani wakubwa wanajua. Nikasema, "Fundi, inakataa kwa sababu kinga yake ilichomwa."

"Zera!" Mama akanikemea.

Fundi mwingine angecheka. Mayunga hakucheka, kwao mambo hayo huulizwa kwanza. Akachuchumaa mbele yangu.

"Kinga gani, mayu?"

"Ya Baba. Ya mvua. Kijiti kimefungwa mpira."

"Alikuwa anakiweka wapi?"

"Hapa." Nikamwonyesha. Ncha moja kwenye kiti, ncha nyingine kwenye kile chuma nilichokuwa nakikanyaga asubuhi nzima.

"Anakibana? Klachi inazama?"

"Inazama mpaka chini. Inakaa hivyo mpaka mvua ziishe."

Fundi alimwangalia Mama. Mama aliangalia kinu.

"Tulikichoma," Mama akasema. "Na maombi juu."

Sasa ndipo Mayunga alipocheka, akakaa chini kabisa kwenye vumbi, akapiga mapaja. "Mama Zera! Mumeo alikuwa anaachanisha viganja! Gari likikaa kwenye unyevu masika mazima, viganja vikibanana, kutu inavigandisha, vinakuwa kitu kimoja. Yeye alikuwa anaviweka mbali mbali! Hakuna kilichovunjika humu. Hakuna! Pleti imeganda kwa kutu!"

"Ile haikuwa dawa?" mimi nikauliza.

"Ilikuwa dawa, mayu. Dawa ya kutu."

Sikujua nifurahi au nihuzunike. Nilikuwa nimeamini vibaya kitu kizuri. Mama alishika kiuno, akasema polepole, "Na hakuniambia." Halafu akasema, "Na mimi sikumuuliza." Nilipenda kwamba alisema yote mawili.

Dawa ya kutu iliyokwisha ganda, alisema fundi, ni kuishtua. Gari linawashwa likiwa tayari kwenye gia, linaondoka hapo hapo, halina kusimama, maana likisimama injini inazima. Dereva anashikilia klachi chini muda wote, anatia mafuta, anaachia mafuta, anapiga breki, anatia mafuta, mpaka viganja vipasukane vyenyewe. Inahitaji uwanja mpana. Tulikuwa na uwanja wa mpira jirani.

Jioni ile alijaribu. Alipowasha ndani ya gia, pikapu iliruka kama mbuzi aliyekanyagwa mkia, ikatoka uani, ikaingia uwanjani, watoto wakapiga yowe. Ilizunguka na kuzunguka, inachutama na kuinuka, fundi kichwa kinagonga paa. Hakuna kitu. Pikapu ikazimika uwanjani karibu na goli, akaiwasha tena na tena mpaka betri ikaishiwa nguvu.

"Imegoma?" Mama akauliza.

"Imeshtuka. Bado haijakubali. Nipe kitu cha kubania klachi ilale imekanyagwa, kutu ichoke."

Mama akaenda ndani, akarudi na mwiko mkubwa, ule wa kusongea ugali wa misiba, ambao kwaya nzima ilikuwa ikiuazima. Akampa fundi. Mwiko ukabanwa kati ya kiti na klachi, ukaachwa hapo.

Jumamosi lori lilifika mapema kuliko tulivyotegemea. Mnunuzi alikuwa mtu mnene mwenye tabasamu, amekuja na vijana wawili, misumeno ya chuma na nyundo. Sina ubaya naye. Alisalimia vizuri, akaniuliza nasoma darasa la ngapi. Lakini vijana wake walianza kushusha zile nyundo kwenye nyasi za uwanja, nami nikizihesabu moja moja.

"Tulikubaliana kabla ya lori kufika, shemeji," Baba Mdogo akasema. Hakusema kwa ukali. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Lori limefika," Mama akasema, "lakini halijazima injini. Mayunga, panda."

Kwa kweli dereva wa lori alikuwa bado hajazima. Mnunuzi akacheka, akamwambia dereva, "Usizime kwanza, tumwone huyu mama." Hilo nalo naliandika kwa faida yake.

Mayunga akautoa mwiko, akapanda. Betri haikuwa na kitu, kwa hiyo ilibidi kusukuma, na kusukuma gari lililo ndani ya gia ni kusukuma pamoja na injini yake. Tulikuwa wachache. Mama, mimi, majirani wawili, na wale akina mama wa maombi, ndiyo, walikuja, habari ya kijiti ilikuwa imewafikia kabla ya chai. Pikapu haikusogea hata kidole. Ndipo Mayunga alipotoa kichwa dirishani akapiga mbinja. Barabarani walikuwa wanapita vijana wa Kisukuma, kundi zima, wanakwenda shambani, majembe na fimbo begani. Akawaita kwa lugha yao. Sikuelewa alichosema, ila walicheka wote kwa pamoja, wakatupa majembe chini, wakaja.

Wale hawasukumi kimya. Mmoja alianza wimbo wa kulimia, wengine wakajibu, na kwenye kila jibu mabega yanaingia. Akina mama wa maombi wakashika kiitikio bila kujua maneno. Matairi yakasogea. Injini ikakohoa. "Tena!" Ikakohoa. Nilikuwa nimeweka mikono kwenye bampa, kichwa chini, naona miguu tu, ya viatu vya tairi, ya kandambili, ya peku, na katikati nikaona viatu vya Baba Mdogo Petro. Alikuwa anasukuma kuliko wote. Mtu aliyemleta mnunuzi! Na pembeni yake mmoja wa wale vijana wa lori.

Injini ikawaka. Pikapu ikatuponyoka, wengi wetu tukaangukia tumbo.

Ilizunguka mara ya kwanza. Tulisikia injini inapanda na kushuka, breki zinalia, vumbi limejaa hatuoni goli. Ikazunguka tena. Harufu ikaanza kuja, ile ile, ukwato motoni, na nikaona Baba Mdogo anafumba macho. Fundi alikuwa anaimba huko ndani, au anatukana, sina uhakika. Kisha *ka!* Sauti moja kavu, kama kuni ya mkuruti inapopasuliwa. Injini ikapiga kelele juu kabisa, peke yake, na pikapu ikaanza kupungua mwendo. Ikapungua. Ikasimama. Injini inanguruma, gari limesimama.

Nilidhani imekufa kabisa. Nilitaka kulia tena.

"Mayu!" Fundi akaniita kutoka kwenye vumbi. "Njoo ukanyage!"

Nilikimbia. Akasogea, nikapanda, nikateleza mpaka ukingoni, nikakanyaga kwa miguu yote miwili. Akashika gia, akaivuta namba moja. Akairudisha. Mbili. Tatu. Ya nyuma.

"Umesikia nini?"

"Sijasikia kitu."

"Hata mimi." Akatoa kichwa nje, akapaza sauti mpaka barabarani: "Hakuna kitu! Haisikiki kitu!"

Hapo uwanja ukalipuka. Vigelegele, mbinja, majembe yanagonganishwa. Mama alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili anacheka bila sauti. Baba Mdogo alimwendea, nikadhani ataomba radhi, lakini alichosema ni, "Shemeji, kaka yangu atapona." Mama akamjibu, "Atapona, Petro." Mnunuzi alikagua gari pande zote, akapiga boneti kofi moja, akasema kwamba amekata magari mengi lakini hajawahi kukata linalonguruma, akapanda lori lake akaenda zake na nyundo zake.

Treni ya Tabora ilikuwa inaondoka mchana, na Mama akaamua habari hii lazima imfikie Baba kwa mdomo wa msafiri wa treni ya leo, si ya kesho. Kwa mara ya kwanza akapanda mbele, akaniweka mapajani badala ya kunipandisha nyuma. Wasukumaji wote wakajaa kwenye bodi, Baba Mdogo akiwa juu ya tairi la akiba, sauti yake ndiyo kubwa kuliko zote kwenye wimbo asioujua. Mayunga akaondoa gari laini kabisa.

Hatujafika mbali Mama akasema, "Simama."

Mayunga akakanyaga, akasimama, injini inanguruma. "Kuna nini, Mama Zera?"

"Hakuna. Ondoka."

Akaondoka. Kwenye nyumba ya jirani, "Simama." Akasimama. "Ondoka." Kwenye kisima, kwenye mashine ya kukoboa, mbele ya wanaume waliokaa kwenye benchi wakicheza bao. Kila mahali tunasimama, tunahesabu pumzi, tunaondoka, na nyuma wanashangilia kama goli. Mpaka tukafika kwa muuza duka mmoja pale karibu na stesheni, mtu aliyekwisha kusikia kwamba gari la Baba linakatwa. Akatoka na kipimo cha sukari mkononi.

"Karibu, Mama Zera. Nikupe nini?"

"Sitaki kitu."

"Sasa mbona mmesimama?"

Mama aliegemeza kiwiko dirishani, kama nilivyokuwa namwona Baba anafanya.

"Kwa sababu linasimama," akasema. "Haya, Mayunga. Tia gia."